Jina Langu kwenye Shamba la Mama Mkubwa

Mwanangu Agnes,

Hali yangu umeiacha asubuhi na haijabadilika. Goti linauma, chai nimekunywa, redio imegoma tena. Wewe sasa hivi uko Soni unasukwa nywele, na kama namjua vizuri shangazi yako, hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina saa tatu au nne za kuwa peke yangu na karatasi. Mambo ya kubeba sweta, kuficha nauli na kutonunua vitu dirishani sitayaandika. Una miaka ishirini na minne, una stashahada ya kilimo na barua ya ajira yenye mhuri. Mtu aliyekabidhiwa wakulima wa kata nzima huko Babati hahitaji kuambiwa na baba yake avae soksi.

Barua hii nataka uisome leo, ukiwa bado chini ya paa langu. Woga ulinishauri niiweke chini kabisa ya begi, uikute ukiwa umeshapita Same na mimi niko salama huku mlimani. Woga umenishauri mengi maishani mwangu na karibu yote nimeyatii. Safari hii nimekataa.

Ni habari ya Mama Mkubwa.

Najua ukisoma jina hilo utakunja uso. Ulipokuwa mwaka wa pili chuoni ulirudi likizo ukakuta nyumba yake ina kufuli na majani yameota mlangoni. Ukaniuliza amekwenda wapi. Nilikuwa namenya viazi, nikakujibu bila kuinua kichwa: "Amepata mtu huko chini, Mazinde." Ukasema, "Hata kuniaga?" Nikasema watu wazima wana mambo yao. Siku mbili hukula vizuri, halafu ukaacha kumtaja, nami nikamshukuru Mungu kwamba umeacha.

Hakuna mtu aliyempata Mazinde. Nilimsingizia. Mjane wa kaka yangu, aliyekuogesha na kukulaza mgongoni tangu mama yako alipotutoka ukiwa na miaka minne, nilimvisha aibu isiyo yake kwa sababu ya kwangu ilinishinda kuibeba. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine nikaichana. Hii ya nne naiacha.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, tangu mwanzo wake.

Mwandiko mzuri ndio ulioniponza. Mimi ni wa darasa la saba tu, lakini mwalimu wetu alikuwa akipitisha daftari langu darasa zima ili wenzangu waone herufi zinavyokaa. Kwa hiyo serikali ilipoleta vocha za pembejeo, na kijiji kikatakiwa kuunda kamati, kila mtu alisema Zakaria awe katibu. Wewe ulikuwa bado unanyonya kidole. Vocha ilikulipia nusu ya bei ya mbolea na mbegu, nusu nyingine unatoa mwenyewe, na sisi tuliambiwa tuwachague wakulima wenye uwezo wa kuchangia. Ulisoma kilimo, utakuwa umeshaona tatizo liko wapi. Sisi hatukuliona, au tuliliona tukalipenda. Yule bwana wa duka la jumla kule Soni, ambaye hajashika jembe tangu siku ya harusi yake, nilimwandika kwenye orodha kama mkulima wa mahindi. Fedha ya kuchangia alikuwa nayo. Baadaye mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia ulifika nyumbani kwangu, na hakuna aliyeulizana na mwenzake umetoka wapi. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba yangu mimi ilikuwa kalamu.

Mama Mkubwa hakuwemo kwenye orodha. Nilimwambia, "Shemeji, masharti ndiyo yamekutoa." Akasema, "Sawa, kama ni masharti." Akaenda kuzoa samadi ya mbuzi akaibeba kichwani mpaka shambani. Mwaka ule mahindi yangu yalimpita kimo mtu mzima, yake yakaishia kiunoni. Aliyatazama akacheka: "Mahindi yako yamesoma, shemeji, yangu yameishia darasa la pili." Nami nikacheka naye. Alikuwa mtu wa utani, unamkumbuka. Ningekuwa na akili ningeona aibu siku ile ile, kwa kosa ambalo bado lilikuwa dogo.

Vocha zikaisha, miaka ikapita, ukaenda sekondari. Halafu ikaja mbolea ya ruzuku ya sasa, hii ya kujiandikisha kwenye daftari la wakulima. Unatoa jina, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, ukubwa wa shamba na lilipo. Ujumbe unaingia kwenye simu, unakwenda nao kwa wakala, unapata mfuko kwa bei nafuu. Mtendaji wa kijiji akaniita tena nimsaidie kuandika fomu. Watu walipanga foleni kutoka mlangoni mwa ofisi mpaka kwenye ngazi za shule, wengine wametembea toka kitongoji cha juu kabisa kwenye ukungu.

Mama Mkubwa alikuja amevaa kanga yake ya kanisani. Simu hakuwa nayo. Kitambulisho alikwenda kupigwa picha miaka mingi nyuma na namba haikutoka hadi leo. Shamba lake lilikuwa lile la bondeni, penye chemchem, ambalo Baba Mkubwa wako alilitoa kwenye matete kwa mikono yake kabla mimi sijaoa. Udongo mweusi, unaobaki na maji Januari wakati mashamba yetu ya juu ni vumbi. Wewe ulijifunzia huko kupanda miche ya kabichi, na alikuwa akikuchapa vidole ukiifukia shingo.

Nikamwambia, "Shemeji, usihangaike. Nitaliandika kwa jina langu na simu yangu. Mbolea ikija tunagawana." Alinishukuru mbele ya watu wote. Aliniita mdogo wake wa tumbo moja.

Hapa nataka usinielewe vibaya kwa kunionea huruma, wala kwa kunichukia kabla ya wakati. Siku ile sikuwa mwizi. Nimejichunguza sana miaka hii na nakuapia nilikuwa namsaidia. Wengi tulifanya hivyo. Simu moja ya kijana wa mwalimu ilibeba wakulima kumi na moja, wazee watupu. Tulikuwa tunaambiana kwamba huo ndio ujirani.

Msimu wa kwanza nilimpa nusu yake. Msimu wa pili wakala alikuwa Lushoto mjini, mifuko ikapanda gari kisha vichwa vya watu, nikamwambia usafiri umekula. Nikampimia ndoo moja. Akaipokea kwa mikono miwili. Msimu wa tatu ada yako ya mwaka wa kwanza ilikuwa shingoni, nikauza fungu lake lote kwa mtu wa Bumbuli. Alipokuja kuuliza nilimwambia ujumbe haujaingia, mtandao unasumbua. Akakaa kwenye lile benchi letu la nje akisubiri, kwa sababu alidhani mtandao ni kitu kinachokawia kidogo halafu kinafika. Nilimpikia chai ili nisimtazame.

Mwishowe yeye mwenyewe akasema, "Basi lima wewe mwaka huu, shemeji, nami nitakusaidia palizi." Nikalima. Kabichi zilitoka kubwa, mtu mzima anabeba mbili tu kwa mara moja. Ndizo zilizokulipia ada, na zile buti za mpira za mafunzo kwa vitendo ulizonitumia picha umezivaa, unacheka. Mama Mkubwa alipalilia shamba zima akiwa ameinama, na aliniomba nimsomee ujumbe wako chini ya picha hiyo.

Mwaka uliofuata wakaja wapimaji wa hati za kimila. Walitembea shamba kwa shamba pamoja na kamati ya kijiji, na watu nyuma yao kama kwenye mazishi. Penye mgogoro walisikiliza majirani. Pasipo na mgogoro walitazama kumbukumbu zilizopo, na kumbukumbu iliyokuwepo kijijini kwetu ni daftari la mbolea. Tulipofika bondeni, kijana mwenye kishikwambi akasoma, "Hapa naona Zakaria." Akanigeukia kwa heshima kabisa. "Mzee, shamba hili ni lako?"

Mama Mkubwa alikuwa amesimama pembezoni, mikono ndani ya kanga. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ananisubiri niseme.

Nikasema, "Liko kwenye daftari."

Unaona nilivyo hodari? Sikusema uongo. Yule kijana akabonyeza kidole chake akaandika. Mtu mmoja nyuma akacheka akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Lakini alikuwepo, Agnes. Alikuwa hatua sita kutoka niliposimama, nilizihesabu baadaye nilipokuwa peke yangu.

Hakupiga kelele. Unaijua mila yetu: mjane asiyejaliwa mtoto anaishi kwa neno la ndugu za mumewe, na ndugu mwenyewe akishatamka, nani atatamka baada yake? Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Wazee wa ukoo waliangalia kilima cha ng'ambo. Wengine pale walikuwa na mashamba ya watu kwenye majina yao, hawakuwa na mdomo wa kunisemea. Mama Mkubwa akanitazama, akaniuliza kwa Kishambaa, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Zakaria, hata mbele ya maji ya kaka yako?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Wapimaji walishaanza kupanda kuelekea shamba lingine, nikawafuata.

Jumapili iliyofuata nilipitisha kikapu cha sadaka kanisani kama kawaida ya mzee wa kanisa. Kilipomfikia alitia sadaka yake. Baada ya wiki tatu akafunga godoro, sufuria, na picha yako ya sare za shule, akateremka. Hakumwambia mtu; utingo wa gari ndiye aliyesema alimshusha Mazinde. Nami kwa sababu ilibidi kuwe na maelezo, nilitunga yale ya mwanamume wa Mazinde. Kwanza nilimwambia jirani mmoja. Habari hiyo ilikufikia wewe ikiwa imeshanenepa.

Sikuandikii haya ili nikufundishe kazi. Kazi yako unaijua, mimi najua kupiga matuta tu. Lakini wiki ijayo utakaa kwenye meza na daftari lile lile, na watakuja. Atakuja mwenye duka akiwa na eka ambazo hajawahi kuzikanyaga, atakusalimia kwa uchangamfu na kukuita binti yangu. Huyo hanitishi, maana ana harufu, utamjua. Mimi namwogopa mtu mwema. Namwogopa shemeji mtu, mwenye mwandiko mzuri na simu mkononi, anayesema usihangaike mama, nitakuandikia kwangu. Atakuwa anamaanisha. Na huyo mama atakushukuru wewe pia kwa kuokoa muda wa foleni. Ningekuwa mimi ndiye afisa, na Mungu apishe mbali, ningemwambia huyo bwana akae pembeni anywe maji, na mama ningemwandika kwa jina lake hata kama namba haipo, hata kama mfumo unakataa, hata kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, mradi siku wakija wapimaji pawe na mahali lilipoandikwa jina lake. Sijui kama kanuni zenu zinaruhusu. Najua tu kwamba mimi nilikuwa na karatasi siku ile, na penseli nilikuwa nayo sikioni.

Kuna jambo lingine ambalo ni la kwako na silipendi. Stashahada yako imetoka kwenye lile shamba. Nimefikiri kama ni haki kukuambia, maana wewe hukuiba kitu. Ulisoma, ukafaulu, basi. Lakini ningekuficha hilo, ungeendelea kunishukuru kila ukipata jambo, kama ulivyonishukuru siku ya mahafali mbele ya wenzako, ukasema baba yangu amelima mpaka goti limekufa. Nilitamani ardhi ipasuke. Goti langu liliumia kwenye pikipiki. Aliyelima kwa kuinama ni yeye.

Alhamisi iliyopita nilikuaga nakwenda Mombo kutafuta fundi wa redio. Sikwenda kwa fundi yeyote. Nilipanda gari jingine mpaka Mazinde. Nilimkuta kando ya barabara kuu, ameketi kwenye kigoda chini ya turubai, anauza kabichi kwa wasafiri. Sikuuliza zimetoka kwa nani. Amekonda, Agnes. Joto la kule halimfai, na homa za nyika zimempata mara nyingi. Jicho moja limeanza kuwa na ukungu. Anaishi chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na vumbi la unga limeweka weupe hadi kwenye dirisha lake.

Alinipa maji kwanza. Aliniuliza habari za majirani mmoja mmoja, hata wale walioangalia viatu. Halafu nikamwambia nilichokuwa nimekikariri njiani: "Shemeji, nimekuja kukuomba urudi. Shamba nitaliandika upya kwa jina lako. Nitasimama kwenye mkutano."

Alikuwa anapanga kabichi, hakuacha. "Agnes anajua?"

"Bado."

"Bado anaamini nilifuata mwanamume?"

Nikaokota kabichi moja nikairudisha kwenye fungu.

"Basi hujaja, shemeji," akasema. "Nenda ukapande gari, magari hayakawii kujaa saa hizi."

Hakuwa na hasira, ningependa kukuambia alikuwa nayo. Aliyasema kama anavyomwambia mteja kwamba bei ndiyo hiyo. Nilisimama pale kidogo, akapata mteja kweli, nikaondoka. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa nafikiri: mwanamke huyu amenyang'anywa shamba, chemchem na jina, na katika vyote hivyo kitu anachokidai kwanza ni wewe usimdhanie vibaya.

Kwa hiyo, mwanangu, barua hii ndiyo safari yangu ya Mazinde. Ile ya Alhamisi haikuhesabiwa.

Jumatano kuna mkutano wa kijiji. Nimemwomba mwenyekiti nafasi ya kusema, akanisihi nifikirie vizuri, kwa sababu nikisimama mimi, wengine kumi watatakiwa kusimama. Wazee wa ukoo wameshanitumia ujumbe kwamba ardhi haitoki kwenye ukoo kwenda kwa mwanamke asiye na mtoto, na kwamba nikiendelea nisiwategemee siku nikifa. Mtendaji anasema hati ikishatoka kuibadilisha ni kazi ndefu, saini juu ya saini, na huenda nisiione ikiisha. Uzee wa kanisa nimeurudisha jana. Sikuambii haya unipe moyo. Nimechelewa sana, na aliye upande wa pili ameshaumia kwa namna ambayo karatasi haiwezi kurudisha. Anaweza kupata shamba lake lote na asirudi. Ana haki hiyo.

Basi lako kesho litapita Mazinde kabla jua halijawa kali. Ukitoka Mombo, kigoda chake kiko mkono wa kulia, karibu na mashine. Sikutumi kwake. Nimekutumia vya kutosha bila wewe kujua.

Kisha kuna asubuhi yenyewe. Tangu umejua kusema, hujawahi kutoka chumbani ukanipita bila shikamoo, hata siku zile tulizolala tumegombana. Kesho usiniamkie kwa mazoea. Ikikataa kutoka, usiilazimishe, nami sitaisubiri wala sitakuuliza. Nitachukua begi lako, tutateremka wote mpaka Soni, na basi likija nitalipakia.

Baba yako,
Zakaria